Nilidhani seva ndiyo inayochagua ufunguo

Kwa miaka mingi nilikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kuihoji. Kila nilipokabidhiwa seva mpya ya Linux, nilifungua faili la `/etc/ssh/sshd_config`, lenye usanidi wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), nikaondoa alama ya reli (#) kwenye mistari mitatu ya `HostKey`, inayotaja funguo ambazo seva hujitambulisha kwazo, kisha nikaupandisha mstari wa ufunguo wa aina ya Ed25519 juu ya ule wa aina ya RSA, nikiamini kwamba kuanzia hapo kila atakayeunganisha atapokewa kwa ufunguo ninaoupenda mimi. Seva haikulalamika, watu waliingia, nami nikaendelea na kazi nyingine. Ilinichukua asubuhi moja mbaya kujua kwamba ule upangaji wa mistari haukuwa umefanya lolote.

Seva yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: mashine ya Ubuntu 20.04 ya ofisi moja, inayopokea mafaili ya mauzo kutoka matawini kila usiku kwa njia ya SFTP, yaani uhamishaji wa mafaili unaopita ndani ya SSH. Usiku wa Jumamosi niliipandisha hadi 22.04, nikajaribu kuingia kwa kompyuta yangu, nikaingia bila shida, nikaenda kulala. Jumatatu saa mbili asubuhi mhasibu akanipigia simu: matawi mawili hayajaleta chochote tangu juzi. Nilipofungua logi nilikuta mstari uleule umejirudia mamia ya mara, ukieleza kwamba hakuna aina ya ufunguo wa seva inayolingana, na kwamba upande wa pili umekuja na `ssh-rsa,ssh-dss` tu. Matawi hayo mawili yalikuwa yakitumia vifaa vya zamani vya kuhifadhia data, ambavyo mtengenezaji wake aliacha kuvisasisha siku nyingi.

Jambo la kwanza nililofanya, kwa aibu nalisema, lilikuwa kuurudisha mstari wa RSA juu ya wa Ed25519 na kuiwasha upya huduma. Hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo nilipokaa chini na kusoma.

Ufunguo wa seva una kazi moja: kumthibitishia anayeunganisha kwamba mashine aliyoifikia ndiyo aliyoikusudia. Tatu Ylönen (ndiyo, Tatu, jina la Kifini ambalo kwetu lingekuwa namba) aliitengeneza SSH mwaka 1995 akiwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo hicho. Lakini kuficha mazungumzo peke yake hakutoshi, kwa kuwa unaweza kuzungumza kwa siri kubwa na mwizi mwenyewe. Kwa hiyo kila muunganisho unapoanza, seva hutia sahihi kwa ufunguo wake wa siri, na upande wa mteja (programu ya anayeunganisha) huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi uliohifadhiwa kwenye faili la `known_hosts`.

Seva moja huweza kuwa na funguo kadhaa za aina tofauti, na ndiyo maana lazima pande mbili zikubaliane watumie upi. Makubaliano hayo hufanyika kabla hata jina la mtumiaji halijatajwa. Kila upande humtumia mwenzake orodha ya algoriti za ufunguo wa seva inazozikubali, kisha kanuni iliyoandikwa kwenye RFC 4253 ya mwaka 2006 (RFC ni nyaraka za viwango vya mtandao) hufuatwa: huchukuliwa algoriti ya kwanza katika orodha ya mteja ambayo imo pia katika orodha ya seva na inayofaa kwa njia ya kubadilishana funguo iliyokwisha kuchaguliwa. Orodha ya seva hutazamwa kwa ajili ya kujua kilichomo na kisichomo; mpangilio wake hauulizwi. Ni sawa na mama anayepanga nyanya kwenye meza ya genge: anaweza kuweka nzuri mbele, lakini mnunuzi aliyekuja na nia yake ataipita hiyo safu na kuchukua anachotaka. Uwezo pekee alio nao mwenye genge ni kutoileta mezani bidhaa asiyotaka iuzwe.

Kwa hiyo kama mteja anataja `rsa-sha2-512` kwanza na `ssh-ed25519` baadaye, na seva ina zote mbili, RSA ndiyo itakayotumika hata kama msimamizi ameuweka mstari wa Ed25519 juu kabisa ya faili na kuuzungushia maua. Hilo linahusu mistari ya `HostKey` na vilevile agizo la `HostKeyAlgorithms` linapoandikwa upande wa seva, kwani huko nako kinachohesabika ni kuwemo au kutokuwemo.

Kuna jambo jingine upande wa mteja lililonifanya nidhani kwa miaka yote hiyo kwamba mambo yananiendea nilivyotaka. Mteja wa OpenSSH, programu ya SSH inayokuja na mifumo mingi ya Linux, kama hukumpa orodha yako kamili ya algoriti, hulitazama kwanza faili lake la `known_hosts`, na akiona kwamba anaijua seva hiyo kwa ufunguo wa aina fulani, huipandisha aina hiyo juu ya orodha kabla ya kuituma. Busara yake iko wazi: ukiongeza ufunguo mpya wa Ed25519 kwenye seva ambayo watu wanaijua kwa RSA, wao huendelea kuingia kwa RSA bila kuulizwa kitu. Mimi nilikuwa naunganisha mara ya kwanza na seva mpya kabisa, mteja wangu wa kisasa akaitaja Ed25519 kabla ya RSA kwa kawaida yake, ufunguo huo ukahifadhiwa, na kuanzia siku hiyo nikaiona Ed25519 kila mara na kujisifu kwamba ni mpangilio wangu uliofanya kazi.

Upangaji huu wa kufuata kumbukumbu una doa lake. Mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano anaweza kuiangalia orodha inayopita na kukisia kama mteja huyu ameshawahi kuijua seva au anakuja mara ya kwanza, na anayekuja mara ya kwanza ndiye rahisi kudanganywa, maana hana cha kulinganisha. Udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2020-14145 katika orodha ya hadharani ya udhaifu wa programu. Binafsi siuoni kuwa sababu ya kuacha utaratibu huo, kwa kuwa dawa yake halisi ni kumpa mtu alama ya kidole ya ufunguo (muhtasari mfupi unaoutambulisha) kwa njia nyingine kabla hajaunganisha. Lakini ni vizuri kujua kwamba hata mpangilio wa majina unaweza kutoa siri.

Sasa turudi kwenye vile vifaa viwili vya matawini. Vilikuwa vikiomba `ssh-rsa`, na seva yangu ilikuwa na ufunguo wa RSA pale pale kwenye `/etc/ssh/ssh_host_rsa_key`. Kwa nini basi visielewane? Hapa kuna mkanganyiko wa majina ambao nimeuona ukiwapoteza watu wenye uzoefu kunizidi. Neno `ssh-rsa` lina maana mbili. Ni jina la aina ya ufunguo, na ndilo utakalolisoma mwanzoni mwa ufunguo wowote wa wazi wa RSA hata ukiutengeneza leo. Na ni jina la namna moja ya kutia sahihi kwa ufunguo huo, ile inayotumia SHA-1, mojawapo ya kanuni za kufupisha data kuwa heshi, yaani muhtasari wa urefu maalumu. Ufunguo uleule wa RSA unaweza kutia sahihi kwa SHA-256 au SHA-512, na namna hizo mbili, zilizowekwa rasmi na RFC 8332 mwaka 2018, huitwa `rsa-sha2-256` na `rsa-sha2-512`.

SHA-1 ilianza kuanguka hadharani mwaka 2017, watafiti walipotoa mafaili mawili tofauti ya PDF yenye heshi moja. Mwaka 2020 ikaonyeshwa aina ya shambulio iliyo hatari zaidi kwa mambo ya sahihi, kwa gharama ambayo waandishi wa OpenSSH waliikadiria kuwa chini ya dola 50,000 za Marekani. Ndipo toleo la 8.8 la Septemba 2021 likaizima sahihi ya SHA-1 kama hali ya kawaida. Ubuntu 20.04 ilikuwa na OpenSSH 8.2, 22.04 inakuja na 8.9. Kwa kupandisha toleo usiku mmoja nilikuwa nimeuvuka mpaka huo bila kuuona. Ufunguo wa RSA ulibaki, ila namna pekee ya kutia sahihi ambayo vile vifaa viliijua ilikuwa imeondolewa mezani.

Kutokana na mkanganyiko huu, wako wanaofuta ufunguo wa RSA kwenye seva wakidhani wanatekeleza agizo la usalama. Sioni sababu. RSA ya biti 3072, ambacho ndicho kipimo ambacho `ssh-keygen` hukitumia usipotaja kingine tangu toleo la 8.0 la mwaka 2019, ikitia sahihi kwa SHA-2, haina tatizo la kumfanya mtu akose usingizi leo. Lakini angalieni kitu kimoja: kupandisha toleo la mfumo hakutengenezi upya funguo zilizopo. Seva iliyosimikwa zamani hubaki na RSA yake ya biti 2048 mpaka mtu auondoe kwa mkono. Amri ya `ssh-keygen -lf` ikifuatiwa na jina la faili la ufunguo wa wazi itakuonyesha idadi ya biti, alama ya kidole na aina, vyote kwenye mstari mmoja.

Ed25519 ndiyo ninayoipendekeza kama ufunguo mkuu. Iliingia OpenSSH toleo la 6.5 mwaka 2014, ufunguo wake wa wazi ni baiti 32 tu, na haihitaji namba mpya ya bahati nasibu kila inapotia sahihi, tofauti na DSA (ile `ssh-dss`) na ECDSA, aina nyingine mbili za funguo, ambazo jenereta mbovu ya namba inaweza kuziumbua mpaka ufunguo wa siri ukajulikana. ECDSA nayo naiacha kwenye seva zinazopokea watu nisiowajua, kwa sababu kuna maktaba za zamani zinazoijua hiyo na haziijui Ed25519. DSA haina mjadala: ilizimwa kama hali ya kawaida mwaka 2015 katika toleo la 7.0, na katika toleo la 10.0 la Aprili 2025 msimbo wake uliondolewa kabisa.

Kuna mtego kwenye agizo la `HostKey` ambao ningependa mtu angeniambia mapema. Usipoandika mstari wowote wa `HostKey`, sshd (programu ya SSH ya upande wa seva) hujaribu kupakia funguo za RSA, ECDSA na Ed25519 kutoka mahali pake pa kawaida. Ukiandika mstari mmoja tu, orodha ile ya kawaida yote hufutika na unabaki na huo mmoja. Msimamizi anayeondoa alama ya reli kwenye mstari wa Ed25519 peke yake, akidhani ameipa kipaumbele, kwa kweli ameziondoa RSA na ECDSA kwenye huduma. Kila aliyekuwa akiijua seva hiyo kwa RSA ataletewa onyo au atakataliwa, kutegemea programu yake na jinsi ilivyowekwa. Na katika Debian na Ubuntu za siku hizi, faili kuu huanza kwa kuyasoma mafaili yaliyomo kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/`, ambapo kwa maagizo mengi, likiwemo `HostKeyAlgorithms`, thamani inayosomwa kwanza ndiyo hushinda, wakati mistari ya `HostKey` yenyewe hujumlishwa. Kwa sababu hiyo sijadili tena usanidi kwa kulisoma faili kwa macho. Ninaendesha `sudo sshd -T` na kuangalia yale yanayotoka, kwa kuwa hayo ndiyo seva itakayoyafuata.

Upo mfano wa hadharani unaoonyesha uzito wa kuwa na aina zaidi ya moja. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, waliubadilisha ufunguo wao wa RSA baada ya kugundua kwamba nakala ya ufunguo wa siri ilikuwa imeonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi. Waliokuwa wakiijua GitHub kwa RSA walipata lile onyo kubwa la kwamba utambulisho wa seva umebadilika, na mitambo mingi ya kujenga programu ikasimama. Waliokuwa wakiijua kwa ECDSA au Ed25519 waliendelea na kazi siku hiyo bila kuguswa. Seva ilikuwa moja, lakini siku ya kila mtu iliamuliwa na ufunguo ambao mteja wake alikuwa ameuchagua siku ya kwanza, pengine miaka mingi nyuma.

Kubadilisha ufunguo bila zahama kunawezekana, na hapa mpangilio wa mistari ya `HostKey`, ule nilioudharau hapo juu, unapata kazi yake. Tangu toleo la 6.8 la mwaka 2015, seva ya OpenSSH huweza kumtajia mteja funguo zake zote za wazi baada ya mteja kuthibitishwa, na mteja mwenye `UpdateHostKeys` huzihifadhi baada ya seva kuthibitisha kwamba inazimiliki kweli, tangu 8.5 mteja wa kawaida hufanya hivyo bila kuombwa. Ukiwa na funguo mbili za aina moja, sshd hutumia ule uliotajwa kwanza na kuutangaza wa pili. Basi unauweka ufunguo mpya chini ya ule wa zamani, unasubiri mwezi au zaidi watu wako wote waunganishe angalau mara moja, kisha unaugeuza mpangilio, na baada ya muda unauondoa wa zamani. Wasiotumia OpenSSH hawatapata faida hiyo, kwa hiyo wenye PuTTY na programu za Java inabidi upeleke alama mpya ya kidole kwa njia nyingine. Mimi huibandika kwenye ubao wa ofisi na kuisoma kwa simu, herufi kwa herufi, kazi ambayo hakuna anayeipenda.

Mtu akitengeneza picha moja ya mashine (nakala kamili ya mfumo wake) na kuinakili mara kumi, asisahau pia kufuta funguo za seva kwenye picha hiyo na kuziacha zitengenezwe upya kwa `ssh-keygen -A` kila mashine inapowaka mara ya kwanza. Nimewahi kukuta mashine tano zenye alama moja ya kidole, ambapo aliyeivunja moja angeweza kujifanya yoyote kati ya nyingine nne. Kabla ya kulaumu wasimamizi wavivu tukumbuke kwamba hata mfumo wenyewe umewahi kukosea: mwaka 2008 iligundulika kwamba badiliko moja kwenye OpenSSL ya Debian, maktaba ya usimbaji inayotumika kutengeneza funguo, lilikuwa limezifanya funguo zote za aina na urefu mmoja zitoke kwenye kapu la uwezekano 32,768 tu, na funguo za seva za karibu miaka miwili zikalazimika kutupwa.

Nimebakiza vile vifaa viwili. Dawa iliyopendekezwa na kila niliyemuuliza ilikuwa kuongeza `HostKeyAlgorithms +ssh-rsa` kwenye seva. Inafanya kazi, nami niliiweka Jumatatu ile ili mhasibu apate mafaili yake. Sikuipenda, kwa sababu inairudisha SHA-1 kwa kila anayeiomba. Nilijaribu kuifungia ndani ya kifungu cha `Match` ili iwahusu wale wawili tu, sshd ikaukataa usanidi huo, na ilikuwa na haki: ufunguo wa seva huchaguliwa kabla mtumiaji hajajitaja, na agizo hilo haliruhusiwi humo. Kwa bahati nilikuwa nimeendesha `sshd -t`, inayokagua usanidi bila kuwasha huduma, kwanza na kuacha dirisha jingine likiwa limeingia, mazoea mawili ambayo sasa siyaachi hata kwa badiliko la herufi moja.

Mwishowe niliwasha sshd ya pili kwenye mashine ileile, yenye faili lake la usanidi na mlango (port) wa 2222, inayosikiliza kwenye anwani ya mtandao wa ndani peke yake. Ina ufunguo wa RSA tu, inakubali `ssh-rsa`, inamruhusu mtumiaji mmoja asiye na ganda (shell, pa kuandikia amri), na ukuta wa moto (firewall) unaruhusu anwani mbili tu kuifikia. Ilinibidi pia niongeze `PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa` humo, kwa kuwa vifaa vile vilikuwa vikitia sahihi za SHA-1 kwa funguo zao wenyewe, na sahihi ya seva na sahihi ya mtumiaji ni mambo mawili yanayoruhusiwa kila moja kwa agizo lake. Kisha nikaiondoa ile `+ssh-rsa` kwenye seva kuu, nikaunganisha kutoka nje kwa `ssh -o HostKeyAlgorithms=ssh-rsa`, nikakataliwa, nikafurahi.

Kifaa kimoja kimeshabadilishwa. Cha pili kiko kwenye bajeti ya mwaka ujao, kama ilivyokuwa kwenye bajeti ya mwaka huu, na mlango wa 2222 bado unamsubiri mteja wake mmoja kila saa sita ya usiku.